Mafuta ya makonyo ni kemikali pia: jibu kwa mtengeneza sabuni wa Pemba

Msomaji mmoja wa Wete, anayetengeneza sabuni ya mwani pamoja na wanawake wenzake, ameuliza hivi: «Tulinunua lita moja ya mafuta ya makonyo. Tulitia vijiko vinne vya chakula katika sabuni ya kilo mbili za mafuta ya nazi, na ikaganda sufuriani kabla hatujaimimina, tena ikawa na rangi ya kahawia. Tulitia vijiko viwili vya chai katika nusu lita ya mafuta ya kuchua, na mteja akawashwa mgongo mzima. Chupa ya plastiki tuliyowekea sampuli imelainika, na kifuniko kimeng'ang'ania. Muuzaji anaapa kuwa ni karafuu tupu, haina kemikali. Je, tumeuziwa mafuta yaliyochanganywa? Na je, tunaweza kumpaka mtoto anayeota meno, kama bibi zetu walivyofanya kwa karafuu?»

Wa alaykum salaam, dada. Nianze na swali la kwanza, maana jibu lake ndilo litakalofungua mengine. Sioni dalili kwamba mafuta yenu yamechanganywa. Sabuni kuganda ghafla, ngozi kuwaka na plastiki kulainika ni mambo ambayo mafuta ya makonyo, yaani ya vijiti vya karafuu, huyafanya yanapokuwa safi. Kama yangekuwa yamezimuliwa kwa mafuta ya kupikia, huenda lisingetokea hata moja. Muuzaji alisema kweli kuwa ni karafuu tupu. Alipokosea ni kudhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba kilichotoka mtini hakiwezi kuwa kemikali. Chupa yenu ina kampaundi moja ya kikaboni, ikiwa karibu peke yake na ikiwa na nguvu zake zote. Jina lake ni yujenoli.

Molekuli ya yujenoli ina atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Kiini chake ni pete ya kaboni sita, na juu ya pete hiyo vimeshikizwa vitu vitatu: kundi la oksijeni na hidrojeni ambalo huifanya pete kuwa fenoli, yaani asidi dhaifu, kundi dogo lenye oksijeni na kaboni moja, na mkia wa kaboni tatu wenye kifungo maradufu mwishoni. Nakuomba uvumilie maelezo haya ya darasani, kwa sababu kundi lile la kwanza, la fenoli, ndilo lililokugandishia sabuni.

Ikiwa safi, yujenoli ni kimiminika kisicho na rangi au chenye umanjano hafifu, ambacho hugeuka kahawia taratibu kikikutana na hewa na mwanga. Huchemka kwenye nyuzijoto 254 za Selsiasi, na huganda kwenye nyuzi chache chini ya sifuri. Katika maji huyeyuka kidogo sana, takriban gramu 2.5 kwa lita, lakini huyeyuka vizuri katika spiriti na katika mafuta. Jambo moja huwashangaza wengi: yujenoli ni nzito kuliko maji, kwani mililita moja ina uzito wa gramu 1.07 hivi, na kwa hiyo mafuta ya karafuu huzama ilhali mafuta mengi ya mimea huelea. Tutalihitaji jambo hili tutakapofika kwenye namna ya kuyapima.

Huenda ukajiuliza inawezekanaje kitu kinachochemka kwenye nyuzi 254 kikatolewa kwa mvuke wa maji, kama inavyofanyika katika kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, nje ya Chake Chake. Vimiminika viwili visivyochanganyika vikipashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba kiko peke yake, na misukumo ya mivuke hiyo hujumlishwa. Mchanganyiko huanza kuchemka misukumo hiyo ikifikia ule wa hewa, jambo ambalo hutokea kabla kidogo ya nyuzi 100. Hivyo yujenoli hutoka pamoja na maji bila kuungua, na mvuke ukishapoa, mafuta hujitenga yenyewe.

Karafuu kavu hutoa mafuta yanayofikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hutoa kidogo zaidi, asilimia 5 hadi 7 hivi. Kwa kuwa makonyo ni rahisi kuliko karafuu, mafuta yake nayo huuzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi hudhani kwamba amepata mafuta hafifu. Kumbe ni kinyume. Mafuta ya karafuu yenyewe huwa na yujenoli ya asilimia 70 hadi 90, iliyobaki ikiwa ni viambato vingine vinavyolainisha harufu, wakati mafuta ya makonyo mara nyingi hufikia asilimia 85 hadi 95. Ulichonunua kwa bei nafuu ndicho kikali zaidi.

Sasa tuje kwenye sabuni. Vijiko vinne vya chakula ni mililita 60, yaani gramu 63 za mafuta, na ndani yake tukadirie gramu 57 za yujenoli. Ukitia kiasi hicho katika mchanganyiko wenye kostiki soda, asidi imekutana na alkali, na hazikai zikitazamana. Yujenoli hugeuka chumvi yake ya sodiamu papo hapo, joto hutoka, na chumvi hiyo, inayopatana na maji na mafuta kwa pamoja, huharakisha alkali kuyafikia mafuta ya nazi. Kazi ambayo ingechukua dakika ishirini za kukoroga humalizika kwa dakika moja au mbili, na sufuria hubaki na kitu kama ugali. Rangi ya kahawia nayo imetoka hapo hapo, kwa sababu yujenoli iliyogeuka chumvi hushambuliwa na oksijeni ya hewa kwa wepesi zaidi kuliko ilivyokuwa awali.

Kwa hesabu ya kikemia, gramu 57 za yujenoli zinaweza kufunga takriban gramu 14 za kostiki soda. Kilo mbili za mafuta ya nazi huhitaji kama gramu 360, kwa hiyo hasara hiyo peke yake haikuharibu sabuni yenu. Kilichowashinda ni kasi. Inafaa ujue pia kwamba mlichokifanya bila kukusudia ndicho wanachokifanya wakemia kwa makusudi wanapotaka kuitoa yujenoli ndani ya mafuta: huyaosha mafuta kwa maji ya alkali, yujenoli huhamia kwenye maji ikiwa chumvi, viambato vingine hubaki juu, kisha maji hayo hutiwa asidi na yujenoli hurudi kuwa mafuta na kuzama chini.

Ushauri wangu ni kwamba msivuke asilimia 1 ya uzito wa mafuta ya sabuni, yaani gramu 20 kwa kilo mbili, na mpime kwa mizani kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Acheni mafuta ya nazi na maji ya kostiki yapoe hadi yawe ya uvuguvugu tu. Tengeni kikombe kimoja cha mafuta ya nazi, myachanganye humo mafuta ya makonyo, na mmimine mchanganyiko huo mwishoni kabisa, mkikoroga kwa mwiko, bila mashine, huku maboksi ya kumiminia yakiwa tayari mezani. Wanaopika sabuni kwa moto wana nafuu, maana wao hutia harufu alkali ikiwa imekwisha kazi yake. Rangi hamtaikwepa kabisa. Sabuni ya karafuu iliyo nyeupe pepe ningeitilia shaka.

Kuhusu chupa, jibu ni fupi. Plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, ile inayovunjika kwa mlio, mara nyingi ni polistairini, na polistairini imejengwa kwa pete zile zile za kaboni sita, hivyo yujenoli huipenya na kuilainisha. Nilipokuwa mwanafunzi nilipima mafuta haya katika kikombe cha namna hiyo, nikaenda kunywa chai, na niliporudi nikakuta sehemu ya chini ya kikombe imebaki juu ya meza ya maabara pamoja na vanishi yake. Mpira nao huvimba, kwa hiyo chupa yenye kizibo cha mpira haifai. Polithini hustahimili kwa muda, lakini harufu hupenya na chupa hubonyea. Chombo cha kweli ni chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, au kopo la chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hakifai, kwa sababu fenoli zikikutana na chembe za chuma huleta rangi ya buluu, zambarau au nyeusi, na mafuta yakishapata rangi hiyo hayasafishiki kwa urahisi. Jazeni chupa hadi karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi, na mziweke kabatini penye ubaridi.

Suala la ngozi ni zito zaidi, na nitakaa nalo kidogo. Vijiko viwili vya chai katika nusu lita ni mililita 10 katika mililita 500, yaani asilimia 2. Wataalamu wa usalama wa mafuta ya mimea hushauri kwamba mafuta ya karafuu, yawe ya maua, ya majani au ya makonyo, yasizidi nusu ya asilimia moja kwenye kitu kinachobaki ngozini. Mlizidisha mara nne. Kwa nusu lita ya mafuta ya kuchua, kipimo cha juu ni mililita 2.5, yaani nusu kijiko cha chai, na kichanganywe hadi hakuna tone linalotulia chini ya chupa, kwa sababu yujenoli nzito isiyochanganyika vizuri hujikusanya chini na mteja wa mwisho ndiye atakayeipata yote.

Kuna madhara ya namna mbili yanayofanana kwa macho. La kwanza ni mwasho wa moja kwa moja: yujenoli nyingi huunguza seli za ngozi na kuchokoza mishipa ya fahamu, nayo hutulia ikishaoshwa. Kama mteja wenu aliwashwa siku ile ile, nadhani lake lilikuwa hilo. La pili ni mzio. Mtu hugusana na yujenoli mara nyingi bila taabu, kinga ya mwili wake ikawa inaisajili taratibu kama adui, na siku moja akianza kututumka vipele basi hata kiasi kidogo mno kitamrudishia vipele hivyo miaka yote. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliiweka yujenoli katika orodha ya manukato ambayo ni lazima yatajwe kwenye lebo ya kipodozi yanapozidi asilimia 0.001 katika kitu kinachobaki ngozini, na asilimia 0.01 katika kitu kinachooshwa. Mkitamani kuuza sabuni yenu huko, sharti hilo mtakutana nalo mapema.

Anayekabiliwa na hatari kubwa ya mzio ni ninyi mnaoyashika kila wiki, kuliko hata wateja wenu. Vaeni glavu za naitraili, zile za buluu au nyeusi, kwa sababu glavu nyembamba za mpira hupenywa upesi na zikishapenywa huwa mbaya kuliko mikono mitupu, maana huyafungia mafuta ngozini. Zikirukiwa, zivueni mara moja. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima siku ya sabuni kwa ajili ya kostiki, na itawafaa kwa mafuta haya pia. Fanyeni kazi penye upepo, kwani mvuke wake mwingi huumiza koo na kichwa, na aliye na pumu akae mbali na sufuria. Mafuta yakigusa ngozi, yafuteni kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha muoshe kwa sabuni na maji mengi. Maji peke yake hayayatoi. Yakiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kisha mtu apelekwe hospitali.

Nafika kwa mtoto, na hapa jibu langu ni hapana, asipakwe. Bibi zetu walitumia karafuu. Hawakutumia mafuta haya, na tofauti yake inahesabika. Punje moja ya karafuu kavu ina uzito wa sehemu ya kumi ya gramu hivi, na mafuta yaliyomo ndani yake ni miligramu 15 hadi 20, tena hutoka polepole inapotafunwa. Tone moja la mafuta yenu lina miligramu 40 hivi. Kijiko kimoja cha chai kina gramu tano na ushei, sawa na mafuta ya karafuu kama mia tatu. Hakuna bibi aliyewahi kumtafunisha mtoto karafuu mia tatu.

Kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya iliweka kiwango cha yujenoli kinachoweza kuliwa kila siku bila madhara kuwa hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 10 anaangukia miligramu 25, na tone moja la mafuta ya makonyo linakivuka kiwango hicho. Mtoto hatakufa kwa tone moja, lakini mpakaji hapimi tone moja. Hupaka, mtoto akilia hupaka tena, na chupa hubaki kando ya kitanda. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza katika jarida la afya ya watoto kisa cha mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu: alipoteza fahamu, akapata degedege, damu yake ikashindwa kuganda na ini likaumia vibaya, ingawa alipona baada ya matibabu ya hospitali. Yujenoli nyingi huliumiza ini kwa njia inayofanana na ile ya parasetamoli iliyozidi, na ndiyo maana katika visa vingine vya namna hii madaktari wametumia asetilisisteini, dawa ile ile ya sumu ya parasetamoli. Pia mafuta haya yakiwa matupu huunguza utando laini wa mdomo, na ufizi wa mtoto hauhitaji kidonda juu ya jino linalochomoza. Kitambaa safi kilichotiwa maji baridi kinatosha.

Ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe, kwa sababu mafuta yakirudi kooni yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mfuteni mdomo, mchukue chupa yenyewe, na mkimbilie hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa ini halilalamiki saa ile ile.

Kwa mtu mzima mwenye jino linalouma, mambo ni tofauti kidogo. Yujenoli hufunga milango ya sodiamu katika mishipa ya fahamu, ile inayopitisha taarifa ya maumivu, kwa hiyo ganzi yake ni ya kweli. Utafiti mmoja uliofanywa Kuwait na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha jeli ya karafuu na dawa ya ganzi iitwayo benzokaini, ya asilimia 20, kabla ya kuchoma sindano kinywani, na haukuona tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Mtu anaweza kuchovya ncha ya pamba katika tone moja lililochanganywa na matone kadhaa ya mafuta ya nazi, akagusa jino lenyewe bila kugusa ufizi, kisha akatema mate. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijizoeshe, maana yujenoli nayo huzuia chembe za damu zisishikane. Na ganzi hii haizibi tundu wala haiui usaha. Humfikisha mtu asubuhi ili aende kwa daktari wa meno.

Akifika huko, huenda akakutana na yujenoli ile ile. Harufu ya kliniki za meno, ambayo wengi huiogopa tangu utotoni, kwa sehemu kubwa ni karafuu. Daktari huchanganya unga wa oksidi ya zinki na yujenoli, vitu hivyo viwili hushikana na kuwa ngumu kama saruji, na saruji hiyo huziba jino kwa muda huku ikitoa yujenoli kidogo kidogo ya kutuliza neva. Lakini daktari yule yule hataiweka saruji hiyo chini ya zibo jeupe la plastiki. Zibo hilo huwa gumu kwa mfululizo wa mwitikio unaobebwa na chembe zenye elektroni pweke, na yujenoli ni hodari wa kuzinasa chembe za aina hiyo, kwa hiyo zibo hubaki laini. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayoifanya icheleweshe mafuta ya chakula kuchacha. Mimi huona raha jambo moja linapoeleza mawili yasiyofanana.

Niongeze tahadhari kuhusu majina, kwa sababu nimesikia yakichanganywa madukani. Ipo kampaundi iitwayo methili yujenoli, ambayo hutofautiana na yujenoli kwa kaboni moja tu iliyokaa juu ya lile kundi la fenoli. Wakulima wa maembe wa Kenya na Tanzania huifahamu kwa kazi moja: huwekwa katika mitego ya kuvutia madume ya nzi wa matunda, yule mdudu aliyegunduliwa katika pwani ya Kenya mwaka 2003 na ambaye sasa amesambaa karibu Afrika nzima. Katika mtego ni chombo kizuri. Katika sabuni na chakula haina nafasi, kwani mwaka 2023 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaoshughulikia utafiti wa saratani uliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Yujenoli ya kawaida haimo katika kundi hilo. Wakala huo uliiacha miongoni mwa vitu visivyoweza kupangwa kwa ushahidi uliopo. Basi mkiuziwa kichupa kilichoandikwa «yujenoli» na muuzaji wa pembejeo za kilimo, someni neno lililotangulia.

Mkinunua tena, jipimieni wenyewe. Dondosheni tone katika glasi ya maji: mafuta safi ya makonyo huzama, na yaliyochanganywa na mafuta ya taa au ya kupikia kwa wingi huelea au husitasita katikati. Kisha chukueni ujazo mmoja wa mafuta na ujazo mbili wa spiriti ya asilimia 70. Safi huyeyuka na kuwa angavu, lakini yenye mafuta ya kupikia hubaki na ukungu na kujitenga. Vipimo hivi havitakamata kila ujanja, ila vitakamata ule unaotokea sana.

Kuhusu moto, mafuta haya hayashiki kwa wepesi wa spiriti au petroli, kwa sababu ni lazima yapashwe hadi zaidi ya nyuzi 100 ndipo mvuke wake uwake kwa kiberiti. Hata hivyo yakimwagikia jiko la mkaa yatawaka kama mafuta mengine. Yakimwagika sakafuni, yafunikeni kwa mchanga au vumbi la mbao, myakusanye na kuyatupa pamoja na taka kavu. Msiyaelekeze kwenye mtaro unaokwenda ufukweni au kwenye bwawa. Wafugaji wa samaki huwalaza samaki kwa miligramu chache kati ya 40 na 100 za mafuta ya karafuu katika lita moja ya maji ili wawapime bila kuwaumiza, na wakizidisha samaki hawaamki. Mililita 100 zilizomwagika zinatosha kuwalevya samaki katika lita 2,000.

Yaliyobaki katika lita yenu hayajaharibika. Yale yaliyokaa kwenye chupa iliyolainika yatupeni, kwa kuwa yamebeba plastiki iliyoyeyuka, lakini yaliyobaki katika chombo cha awali, kama ni cha kioo, yapitisheni kwenye pamba safi na kuyatia katika chupa za kahawia. Yale mafuta ya kuchua ya asilimia 2 nayo msiyatupe: kila lita moja yaongezewe lita tatu za mafuta matupu ya nazi, nayo yatarudi kwenye nusu asilimia. Kabla ya kuyatumia kwa mteja mpya, mpakeni kidogo upande wa ndani wa mkono na mngojee siku mbili. Kabla ya kuyauza dukani, yapelekeni kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao ndio wanaoshughulikia vipodozi kwenu, mkiwa na lebo inayotaja yujenoli kwa jina lake, asilimia yake, tarehe ya kutengenezwa, na maneno «kwa kupaka tu, yasinywewe, yawekwe mbali na watoto» kwa herufi zinazosomeka bila miwani.